Vijana wa Miaka Sitini

Aibu ilimkuta yule mzee akiwa na miaka sabini na miwili, umri ambao mtu hudhani ameshamaliza kuaibika. Mengine alikuwa ameyamaliza kweli. Watoto walijitegemea, nyumba ilishaezekwa upya, na presha yake ilikuwa imetulia kwa vidonge viwili vya asubuhi. Kila Jumanne na Jumamosi alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akaenda taratibu hadi klabu ya wastaafu wa posta, ambako alikuwa mwenyekiti kwa miaka tisa mfululizo. Hakuna aliyewahi kugombea naye. Yeye alidhani ni heshima.

Klabu yenyewe ilikuwa bohari la zamani la vifurushi, nyuma ya jengo la posta. Ilikuwa na dirisha moja lenye nondo, meza nne, bodi mbili za drafti zilizochezewa vizibo vya soda, birika la umeme, na gazeti moja la siku lililogawanywa kurasa kwa kurasa ili kila mtu apate cha kusoma. Aliyeshika michezo alimngojea aliyeshika matangazo ya vifo, na wa matangazo ya vifo hakuwa na haraka, maana alikuwa akitafuta marafiki.

Wakati wa kuanzishwa walikuwa watu sitini. Mwaka huu ninaousimulia walibaki kumi na tisa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na tisa. Zamani alikuwa mpeleka barua, na pale klabuni bado walimwita "Mtoto" na kumtuma chai.

Hali ilikuja kujionyesha vizuri pale mwenzao mmoja, karani wa zamani wa dirisha la stempu, alipolazwa wiki tatu. Walikuwa na mazoea ya kupeana zamu za kukaa na mgonjwa. Zamu zikapangwa. Wa Jumatatu mgongo ukamkatalia. Wa Jumanne macho yake hayakumruhusu kuvuka barabara. Wa Alhamisi alifika salama, lakini ile ngazi ya hospitali ikamtoa pumzi, jioni akawa kalazwa kitanda cha jirani. Wagonjwa wakawa wawili na zamu zikawa tupu.

"Jamani, tutafute damu changa," alisema Halo kwenye mkutano uliofuata. "La sivyo, siku ya mwisho atabaki mmoja, ajibebe mwenyewe."

Halo alikuwa mama wa miaka sabini na nne. Alikaa kwenye mtambo wa simu wa posta miaka thelathini, na mpaka leo hakuweza kuanza sentensi muhimu bila kusema halo kwanza. Sauti yake bado ingefika ghorofa ya tatu bila waya.

Ikaamuliwa waalikwe wote waliostaafu ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwenyekiti akajitwika kazi ya kuandika barua, thelathini na mbili, kwa mkono wake. Halo akaomba aione moja kabla hazijatoka. Akaisoma, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Halo! Mwenyekiti, huu ni mwaliko au ni onyo?"

Barua ilisema: Unatakiwa kufika bila kukosa Jumamosi saa nne kamili asubuhi. Atakayechelewa hatapokelewa.

"Watu bila utaratibu hawaji," alijibu mwenyekiti.

Mtoto akazipeleka zote, mlango kwa mlango, kwa baiskeli yake. Hakuna aliyeweza kusema hakuipata.

Jumamosi ile viti arobaini vilipangwa kwa mistari. Kufika saa nne kamili walikuwa wamekuja wanne. Mwenyekiti akaanza kusoma kanuni za klabu. Alikuwa kwenye kanuni ya saba alipotokea mtu wa tano mlangoni, jibaba moja lililokuwa dereva wa gari la barua. Mwenyekiti akanyamaza, akainua mkono wa kushoto, akasoma saa yake kwa sauti.

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Yule dereva alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbushwa kitu alichokuwa amekaribia kukisahau.

"Basi samahani, mzee. Nadhani nimepotea njia."

Akautoa mguu wake, akaenda zake. Wale wanne walikunywa chai upesi upesi, wakasema watawasiliana, wakaondoka pamoja kama waliokubaliana kwa macho.

"Vijana wa siku hizi!" alifoka mwenyekiti akikusanya viti.

"Vijana?" alisema Halo. "Yule dereva ana wajukuu sita." Kisha akamsaidia kubeba kiti. "Mwenyekiti, Alhamisi nikupeleke mahali. Yupo mama mmoja aliyestaafu mwaka jana. Huyo akija, wote watakuja."

Alipomtaja ni nani, mwenyekiti alimkumbuka kwa mbali. Alikuwa mchambuzi wa barua katika chumba alichokisimamia yeye, mwanamke mkimya, mwenye mikono myepesi. Baadaye, mzee alipostaafu, alisikia kwamba naye amepanda hadi kuwa msimamizi. Akafurahi. Moyoni akaanza hata kumtafutia cheo, labda katibu msaidizi.

Alhamisi jioni jua likiwa bado juu, walifika kwenye nyumba ya yule mama. Vicheko walivisikia tangu barabarani. Geti lilikuwa wazi. Nyuma ya nyumba, kati ya kamba za nguo, viti vya plastiki vilikuwa vimezungushwa duara, na watu kama kumi na saba wamekaa. Wengine walicheza karata, wengine walifundishana kutuma sauti kwa simu, na chupa kubwa za chai zilikuwa mezani. Mwenyekiti akatazama sura moja baada ya nyingine. Dereva alikuwepo. Wale wanne walikuwepo. Waliobaki, karibu wote, aliwaandikia barua.

Kumbe klabu walikuwa nayo.

Walipomwona, vicheko vilikatika kama redio iliyozimwa. Kisha wakasimama. Mmoja alifunika karata zake, mwingine akachomekea shati. Mwenyekiti, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alijiambia kwamba adabu bado ipo. Akawapungia mkono wakae, na hakuna aliyekaa mpaka alipokaa yeye.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kisigino. Akatoka mwanamume mnene amebeba trei ya vikombe, mgongo mbele, hajaona kitu.

"Jamani, nimebanwa! Nani ana kibao? Nipeni kibao nikimbie, kabla Mzee Kibao hajatoa macho!"

Bila shaka siku nyingine wangeangua kicheko. Siku hiyo palikuwa kimya. Mtu yule akageuka. Vikombe vikaanza kugongana kwenye trei.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa kabatini.

"Marahaba," alijibu mwenyekiti kwa mazoea. Kisha akauliza, "Mzee Kibao ni nani?"

Halo akatazama ndani ya kikombe chake ambacho kilikuwa bado kitupu. Ni mwenye nyumba aliyejibu, bila kupaza sauti.

"Ni wewe, mzee."

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimeandikwa NJE kwa rangi nyekundu. Kilitundikwa kwenye msumari kando ya meza ya msimamizi. Aliyetaka kwenda chooni alikichukua, na asiye nacho hakutoka. Kilikuwa kimoja kwa watu arobaini. Mwenyekiti alikibuni mwenyewe mwezi wa kwanza alipopewa usimamizi, akiwa na miaka thelathini na minane, na kikatumika karibu miaka kumi, mpaka chama cha wafanyakazi kilipolalamika. Siku zote alikihesabu kuwa moja ya mambo ya maana aliyowahi kuyafanya kazini. Kilipunguza uzururaji.

Hakukaa sana pale uani. Aliaga, na yule mama akamsindikiza. Walipofika getini akasimama.

"Mzee, hunikumbuki, sivyo?"

"Nakukumbuka. Ulikuwa meza ya tatu."

"Meza ya tano." Alishika nguzo ya geti. "Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, ya miezi saba. Kibao kilikuwa kimechukuliwa. Nilikuja mezani kwako mara mbili. Mara ya kwanza ukaniambia nisubiri. Mara ya pili hukuinua hata macho. Ulisema mimba si ugonjwa. Nikarudi kwenye meza yangu, nikajikojolea nimesimama, barua mkononi, mbele ya watu wote."

Mwenyekiti aligusa kifungo cha shingoni.

"Unakumbuka ulisema nini?"

"Sikumbuki, mama."

"Ulisema, 'Leteni gunia, kuna kifurushi kimevuja.' Wakacheka. Baadhi ya waliocheka wapo hapo ndani. Wameshaniomba radhi, wengine siku ileile. Huo mzaha wa kibao nimeuanzisha mimi mwenyewe, ili nikikumbuka nisilie." Akaachia nguzo. "Barua yako niliipata. Usidhani hatuji klabu kwa sababu tuna shughuli nyingi."

Njia nzima ya kurudi Halo hakusema halo hata mara moja. Walipokaribia kuachana, mwenyekiti akauliza, "Ulijua?"

"Kila mtu alijua. Hata sisi wa simu, huko ghorofani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ni mtu wa kuambiwa?" Halo alisimama kupumua. "Na mimi najionea haya. Miaka tisa nanyoosha mkono kukupigia kura, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukukatalia."

Nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Mzee alikaa kwenye ukingo wa kitanda, bado amefunga vifungo vyote. Akamsimulia, na aliposimulia alikuwa na tumaini moja dogo, kwamba mkewe atasema haiwezekani, wewe hukuwa mtu wa hivyo.

Mkewe hakuacha kukunja.

"Hilo ulinisimulia," alisema. "Ulirudi kazini siku hiyo unacheka. Ukanisimulia wakati wa kula, ukaigiza na ile sauti ya gunia. Na mimi nilikuwa na tumbo la huyu wetu wa mwisho. Niliinuka nikaenda jikoni. Nilisema nafuata chumvi."

"Hukuniambia kitu."

"Chumvi ilikuwa mezani, baba," alisema mkewe. "Hukuona."

Ndipo kumbukumbu ikarudi, na haikurudi kwa huruma. Alikumbuka sakafu ya saruji na doa lililokuwa likitambaa kuelekea kwenye magunia. Alikumbuka kwamba wasiwasi wake wa kwanza ulikuwa magunia. Alikumbuka viatu vya yule mwanamke, vya kitambaa, vimebadilika rangi. Uso haukumjia kabisa, na hilo lilimuumiza kuliko yote, maana alijua kwa nini: hakuwa ameutazama.

Wiki mbili hakukanyaga klabuni. Alituma neno kwamba ana mafua. Alipokwenda duka la dawa, mtu mmoja aliyewahi kuwa chini yake alimpisha kwenye foleni. "Pita, mzee." Zamani angepita na kushukuru. Sasa masikio yalimwaka. Kila aliyemwamkia barabarani, salamu yake aliigeuzageuza kama noti anayoshuku ni bandia. Huyu ananiheshimu au ananiogopa? Huyu anacheka nini? Na mengine yakaanza kujileta yenyewe, bila kuitwa: kijana aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kumwona baba yake mahututi, mzee wa magunia aliyesimamishwa mlangoni kwa dakika sita za kuchelewa. Alikuwa akinyoa ndevu, likaja moja, akaahirisha kunyoa kwa sababu hakutaka kuendelea kujitazama.

Alhamisi ya tatu akapiga moyo konde. Akaandika maneno yake kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaenda peke yake.

Walipomwona tena, dereva aliinuka nusu.

"Kaeni, tafadhali," alisema mzee. "Msinisimamie."

Alisimama yeye katikati ya duara, akaikunjua karatasi. "Ndugu wastaafu wenzangu, kwa niaba ya..."

"Mzee," alisema mwenye nyumba. "Weka karatasi."

Akaishusha. Bila karatasi hakujua mikono iende wapi. Nguo kwenye kamba zilipepea, mtu akakohoa.

"Nilikunyima ruhusa ya kwenda chooni," alisema. "Ukajikojolea. Nikakufanyia mzaha mbele za watu. Nikaenda nyumbani nikamsimulia mke wangu, nikacheka tena. Halafu nikasahau. Hilo la kusahau..." Hakulimaliza. "Nisamehe, mama. Na ninyi wengine, mnajua kila mmoja lake. Nisameheni."

Machozi yalimtoka jicho moja tu, akayafuta kwa ile karatasi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi.

Yule mama alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nimekusikia," alisema. "Neno la kusamehe leo sina. Sitalitoa kwa sababu watu wanatazama. Likija, nitakwambia. Kaa unywe chai."

Akakaa. Alipewa kikombe, akakinywa chote, kikiwa cha moto hivyohivyo. Maongezi yalianza tena pembeni yake, ya kujilazimisha kwanza, baadaye ya kawaida. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka wowote aliofanya kazi, lakini alijua kwamba akiondoka mapema atakuwa amekuja kwa ajili ya nafsi yake tu.

Jumamosi alijiuzulu uenyekiti. Hakutoa hotuba. Alisema kwamba waliokuwa wakikosekana hawakufukuzwa na uzee wa klabu wala ubovu wa viti, walifukuzwa na yeye, na akaeleza kwa nini. Wengine waliinamisha vichwa, maana kule kucheka hakukuwa kwa vijana peke yao. Halo akachaguliwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwachisha Mtoto kazi ya chai, akasema kuanzia leo ni kwa zamu, na anayetaka kuitikiwa naye amwite kwa jina lake la kweli.

Kisha akaenda uani kwa yule mama, akazungumza nao, tena mara tatu. Wale hawakukubali kuiacha Alhamisi yao, na Halo hakuwaomba waiache. Wakapatana Alhamisi wote wakutane uani, Jumamosi wote wakutane klabuni, na kitabu cha kanuni kikae kabatini. Walianza kuja wawili, watatu. Dereva alikuja na bodi yake ya drafti. Wanawake wawili wakaanzisha matembezi ya asubuhi, na wazee wenye magoti mabovu wakawa wanaishia kwenye benchi la kwanza na kuhesabiwa kuwa wametembea. Mpaka mwisho wa mwaka walikuwa thelathini na sita, na zamu za hospitali zilijaa hata za akiba.

Mzee alimwambia Halo kwamba ni afadhali yeye akae nyumbani, ili watu wawe huru.

"Halo! Ukae nyumbani, chai ya Jumamosi apike nani? Jina lako nimeliandika."

Basi akawa anapika chai. Aliwapelekea mezani watu waliowahi kumwomba ruhusa ya kupumua. Wengi walipokea wakashukuru, yakaisha. Wachache waliona raha kumtumatuma. Dereva alimrudisha kufuata sukari mara tatu kwa kikombe kimoja. Alikwenda mara zote tatu. Mara ya nne dereva mwenyewe aliona haya, akasema imetosha, mzee, kaa tucheze.

Yule mama alianza kuja klabuni mwezi wa pili wa mapatano hayo. Alipokea chai mkononi mwa mzee, alisema asante, na hakuna zaidi. Lile neno hakulisema, na mzee hakuthubutu kulidai hata kwa macho.

Jumamosi moja, watu wakiwa wanatawanyika, aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mchangamfu, na funguo za gari mkononi. Alikuja kumchukua mama yake. Alizunguka akiamkia wazee mmoja mmoja, akafika kwenye meza ya birika.

"Shikamoo, babu. Mama anasema ninyi ndio mnamnywesha chai huku mpaka hataki ya kwangu."

Mzee alikuwa ameshika sinia la vikombe. Nyuma ya bega la yule binti, mama yake alikuwa amesimama akifunga mkoba. Aliinua uso, wakatazamana.

"Ni kifungua mimba wangu," alisema. "Sina mwingine mkubwa kuliko huyu."

Binti hakujua kitu. Alikuwa akingoja kuitikiwa, anatabasamu.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. Akaliinua sinia, akageuka kwenye beseni, akaanza kusuuza vikombe vilivyokwisha suuzwa, kimoja kimoja, mpaka aliposikia gari lao limeondoka.